Laptopu inaanguka kila ukichomeka kidude cha kunasa video? Usinunue RAM kwanza

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina kanda za VHS za harusi ya wazazi wangu na maulidi za zamani hapa nyumbani Tanga, nataka nizihamishie kwenye kompyuta kabla hazijaharibika. Nimenunua kile kidude cha USB chenye matundu ya njano, nyeupe na nyekundu, kimekuja na CD yake. Laptopu yangu ni Windows 11 haina sehemu ya CD, nikaenda kwa jirani akanikopia draiva zote kwenye flashi. Kuinstoo imekubali, nikichomeka inalia ile sauti yake, lakini nikifungua programu ya kurekodi na kuwasha deki inaganda, halafu inaandika kompyuta imepata tatizo, inajizima na kuwaka upya. Mara nyingine inazima tu hata sijafungua kitu. Fundi wa mtaani anasema RAM imekufa ninunue nyingine. Ni kweli?

JIBU: Nzuri dada yangu, pole sana. Nianze na hilo la RAM maana ndo linalotaka kukutoa hela: kwa maelezo yako sioni sababu ya kununua RAM sasa hivi. RAM ikiwa mbovu haichagui, itaangusha mashine ukiwa kwenye YouTube, ukiwa unaandika barua, ukiwa hujagusa kitu, na kila ikianguka inatoa kosa jipya. Wewe yako inaanguka kidude kikiwa kimechomekwa. Jaribio lake halina gharama, chomoa hicho kidude, weka pembeni, tumia laptopu kama kawaida siku mbili tatu, kazi nzito kabisa, fungua video, fungua madirisha mengi. Isipoanguka basi kuna uwezekano mkubwa RAM yako ni nzima. Ukitaka kumridhisha na fundi, andika mdsched kwenye sehemu ya kutafuta, Windows itajipima RAM yenyewe ikiwaka upya.

Sasa kwa nini kitu kidogo kama kile kinaangusha mashine nzima badala ya kufunga programu yake tu? Programu za kawaida, mfano ya kurekodi au ya kuchezesha muziki, ni kama wapangaji, kila mmoja na chumba chake, akiunguza sufuria anaathirika yeye. Draiva, yaani programu ndogo inayoiwezesha Windows kuongea na kidude, haikai chumbani, inakaa kwenye swichi kubwa ya nyumba, kule ndani kabisa Windows inakoita kernel. Draiva ikiandika mahali pasipo pake kwenye memori hakuna wa kuizuia, Windows inachoweza ni kuzima kila kitu haraka ili mafaili yako yasiharibike. Ile skrini ya bluu (kwenye Windows 11 za karibuni wameifanya nyeusi) ndo kazi yake hiyo. Kwa hiyo mashine yako haijafa, imejikinga.

Na hapa ndo kwenye kiini cha tatizo lako, naomba usome taratibu. Hivi vidude vya waya tatu kwa nje vinafanana kama mapacha, boksi moja, maandishi yaleyale, vingi vimeandikwa EasyCAP, lakini ndani vina chipu tofauti kabisa. Kuna Syntek STK1160, kuna Empia EM2860, kuna Fushicai UTV007, kuna Somagic SMI2021. Kila chipu ina draiva yake na haziingiliani. CD inayokuja nacho mara nyingi imejazwa draiva za chipu zote hizo, nyingine zimeandikwa enzi za Windows XP na Windows 7, na jirani yako amekukopia "zote". Nina wasiwasi sana kwamba umeinstoo zaidi ya moja, na iliyoshika siyo ya chipu yako, au ni ya chipu yako lakini ya zamani mno kwa Windows 11.

Kwa hiyo kabla hujadaunlodi kitu kingine chochote mtandaoni, tujue kwanza una chipu gani. Chomeka kidude bila kufungua programu ya kurekodi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na X, chagua Device Manager. Tafuta kidude chako, kinaweza kuwa chini ya Cameras, au Imaging devices, au Sound, video and game controllers, au Other devices kikiwa na alama ya mshangao ya njano. Usipokitambua, chomoa uangalie ni mstari gani umepotea, chomeka uone umerudi. Bonyeza mausi kulia juu yake, Properties, halafu Details, kwenye kile kisanduku cha kushuka chagua Hardware Ids. Utaona mstari una VID na PID. Hizo herufi ndo kitambulisho cha chipu na boksi haliwezi kukudanganya hapo. Ukikuta VID_05E1 na PID_0408 hiyo ni Syntek. VID_EB1A na PID_2860 au 2861 ni Empia. VID_1B71 na PID_3002 ni Fushicai. VID_1C88 ni Somagic. Piga picha kwa simu hiyo skrini, utaihitaji.

Kitu cha pili cha kupiga picha ni skrini ya kuanguka yenyewe. Inapita haraka sana, kwa hiyo izuie kuwaka upya: bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda Advanced, chini kwenye Startup and Recovery bonyeza Settings, toa tiki kwenye Automatically restart. Ikianguka tena itakaa pale pale mpaka uizime mwenyewe. Utaona jina la kosa kwa herufi kubwa, mfano DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL au PAGE_FAULT_IN_NONPAGED_AREA au SYSTEM_THREAD_EXCEPTION_NOT_HANDLED, na mara nyingi chini yake What failed pamoja na jina la faili linaloishia na .sys. Hilo jina ndo mshukiwa. Faili lilelile likitajwa kila ikianguka, kesi imeisha, ni draiva. Ukikosa jina pale kwenye skrini, Windows huwa inaacha rekodi kwenye folda ya Minidump iliyomo ndani ya folda ya Windows kwenye C, na kuna programu ya bure ya NirSoft inaitwa BlueScreenView inaisoma na kukuonyesha draiva iliyokuwa kazini wakati wa ajali.

Nataka turudi kwenye sentensi uliyoiandika mwishoni, kwamba mara nyingine inazima tu hata hujafungua kitu. Hii usiichanganye na ile ya kwanza. Jiulize, ikizima hivyo inaleta ile skrini yenye maandishi, au inakata paa kama umeme umekatika? Kama inaleta maandishi ni draiva ileile. Kama inakata ghafla bila neno, hapo tunaongelea umeme na siyo programu, na hata ukibadilisha draiva mara ngapi haitapona.

Deki nyingi za zamani na TV zake plagi yake ina miguu miwili, haina waya wa ethi. Laptopu ikiwa kwenye chaja, nayo ina umeme mdogo unaovuja kwenye kava lake. Ukiunganisha hivyo vitu viwili kwa waya wa AV (zile za njano, nyeupe na nyekundu), ile tofauti inatafuta njia ya kupita, na njia yenyewe ni kidude chako na tundu la USB. Dalili yake utaisikia mkononi, ukigusa chuma cha nyuma ya deki au kava la laptopu kwa mgongo wa kidole unahisi kama kinakwaruza kwaruza, na kwenye picha unaona michirizi inapanda taratibu. Ukihisi hivyo usiendelee kugusagusa kwa majaribio. Zima kila kitu, chomoa chaja ya laptopu ukae na betri peke yake, unganisha waya za AV vyote vikiwa vimezimwa, ndo uwashe. Ikikaa vizuri kwa betri na kusumbua kwa chaja, umeshapata jibu, na dawa yake ni kuchomeka deki, TV na chaja kwenye ekstensheni moja iliyo kwenye soketi yenye ethi ya kweli, na hilo fundi umeme akupimie, siyo soketi yenye tundu la tatu la urembo. Na usiwe na haraka na hii, maana mwisho wake unaweza kuua tundu la USB au bodi nzima.

Haya, turudi kwenye draiva maana nadhani ndo mgonjwa mkubwa. Lazima usafishe zote ulizoinstoo, siyo kuongeza nyingine juu yake. Kama laptopu inaanguka kabla hujafika popote, chomoa kidude kwanza, mara nyingi inatosha, isipotosha ingia Safe Mode: shikilia Shift ukibonyeza Restart, Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, halafu namba 4. Laptopu nyingine zitakuomba ufunguo wa BitLocker hapo, kwa hiyo ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu uuandike pembeni kabla hujaanza, usije ukajifungia nje. Ukiwa ndani fungua Device Manager, kwenye View chagua Show hidden devices ili vionekane hata vilivyochomolewa, nenda kwenye kila mstari wa kidude hicho, Uninstall device, na hakikisha umeweka tiki kwenye kile kisanduku cha kuondoa na draiva yenyewe, watu wengi wanakiruka, afu wakichomeka tena Windows inairudisha draiva ileile mbovu kutoka stoo yake wanabaki wanashangaa.

Kwenye hiyo stoo kunaweza kuwa kumebaki nyingine. Fungua Terminal kama Admin, andika pnputil /enum-drivers, itakupa orodha ndefu. Tafuta zenye jina la kampuni ya chipu, au tarehe ya kizamani, utaona kila moja ina jina kama oem23.inf. Ya kwako ukiipata andika pnputil /delete-driver oem23.inf /uninstall ukibadilisha namba iwe ya kwako. Usifute usichokijua, kuna za Intel na Realtek humo na ndo zinazoendesha sauti na waifai yako. Ukiwa na mashaka na mstari, uache.

Ukishasafisha chomeka kidude Windows Update ikiwa imewashwa, intaneti ipo, uipe dakika kadhaa. Wakati mwingine inaleta draiva mpya yenyewe iliyosainiwa na Microsoft na unamaliza kazi hapo. Isipoleta, na draiva ya kwenye CD ndo pekee iliyopo, utakutana na ukuta mwingine unaitwa Memory integrity, uko kwenye Windows Security, Device security, Core isolation. Hii inakagua draiva kabla ya kuiruhusu kuingia kule ndani, na draiva nyingi za zamani hazipiti. Utakuta video kibao zinakufundisha kuizima, na nyingine zinakwambia uzime kabisa ukaguzi wa saini za draiva. Dada, naomba usifanye hivyo kwenye laptopu yako ya kila siku. Ukaguzi wa saini uliwekwa kwa sababu virusi vibaya kuliko vyote huingia kwa mlango wa draiva, na kwenye laptopu hiyo hiyo una imeili yako, picha za familia, na kama unafungua na benki humo ndo kabisa. Kuna laptopu kuukuu ya Windows 7 imelala kabatini kwa mtu, haiendi intaneti? Hiyo itumie kwa kazi hii, draiva ya CD ilitengenezwa kwa ajili yake na itaishi nayo vizuri tu.

Usipoipata, kuna njia ninayoipenda zaidi na watu hawaijui. Chukua flashi ya GB 8 au zaidi, weka Ubuntu juu yake (mfumo wa bure wa aina ya Linux, unaendesha kompyuta badala ya Windows), washa laptopu kutoka kwenye flashi ukichagua ile ya kujaribu bila kuinstoo. Windows yako haiguswi. Linux ina draiva za hizi chipu humo humo ndani, zimeandikwa na kukaguliwa na watu wengi: ya STK1160 imo tangu toleo la 3.7 la mwaka 2012, ya Fushicai imo tangu 3.11 la 2013, na ya Empia ni ya zamani kuliko zote hizo. Hakuna CD, unachomeka tu. Fungua terminal uandike lsusb utaona zile zile VID na PID, halafu uinstoo OBS (programu ya bure ya kurekodi video), uifungue na uongeze kidude kama kamera. Kidude kilichoangusha Windows asubuhi unaweza ukakuta kinafanya kazi kwa utulivu jioni kwenye laptopu ileile, na hapo ndo utajua kwa uhakika kwamba si RAM, si bodi, si kidude, ilikuwa draiva. Mgumu ni Somagic tu, huyo Linux yenyewe haiji na draiva yake, kwa hiyo ukikuta VID_1C88 usipoteze muda wako, kirudishe dukani kama bado wanakubali.

Jambo jingine dogo la matundu. Chomeka moja kwa moja kwenye laptopu, usipitishe kwenye hab (kile cha kugawa tundu moja kuwa mengi). Tundu la USB 2.0 linatoa miliampia 500, ukiweka hab isiyo na chaja yake ukajaza na mausi na flashi na kidude, kila mtu ananyimwa, kidude kinakatika na kurudi, na draiva mbovu ikikatiwa ghafla ndo inaanguka vizuri. Kama laptopu ina tundu jeusi na la bluu jaribu jeusi kwanza. Na kwenye Power Options zima USB selective suspend, ile tabia ya Windows kulaza matundu ili kuokoa betri.

Ukiamua kununua kingine, usiangalie boksi limeandika 4K au nini, muulize muuzaji swali moja, kinahitaji draiva au kinajitambua chenyewe? Unachotaka ni kinachofuata utaratibu wa UVC, ule ule wa kamera za wavuti, Windows ina draiva yake tangu siku za XP kwa hiyo hakuna cha kuinstoo na hakuna cha CD kuja kuvuruga. Bora uende na laptopu dukani wachomeke mbele yako, ufungue apu ya Camera, ukiona picha umenunua. Vile vidogo vya HDMI kama flashi vingi vina chipu ya MacroSilicon MS2109, hivyo ni UVC na vinatulia, ila havina tundu la njano la deki, itabidi ununue na kile kiboksi cha kugeuza AV kuwa HDMI. Vingi vina plastiki ya bluu kwenye plagi ili vionekane USB 3 na ndani ni USB 2.0. Hilo lina maana yake: video ya 1080p ya fremu 30 isiyobanwa inataka megabaiti kama 124 kwa sekunde, na USB 2.0 hata kwenye karatasi ni 60 tu. Kwa hiyo kwenye OBS usiache YUY2 (picha isiyobanwa) pamoja na 1080, chagua MJPEG (iliyobanwa), la sivyo picha itakatakata au programu itaganda nawe utadhani ugonjwa umerudi.

Kwa kanda za VHS huhitaji makubwa hayo. Kanda zetu ni PAL (mfumo wa picha wa TV za kwetu; NTSC ni wa Marekani), kwa hiyo weka PAL, 720 kwa 576, fremu 25. Ukiacha NTSC picha inakimbia kwenda juu au inakuja bila rangi. Ukirekodi bila kubana saa moja inakula kama GB 75, iambie OBS itumie H.264 (njia ya kubana video) na ihifadhi kama faili la MKV, siyo MP4, maana laptopu ikianguka katikati MKV inabaki na ulichokwisha kurekodi ila MP4 mara nyingi haifunguki tena.

Na majaribio yote haya tafadhali usiyafanye na kanda ya harusi. Kila laptopu inapoganda deki inaendelea kuzunguka, na kanda zilizokaa na unyevu wa pwani huwa zinaota ukungu, angalia kwenye kidirisha cha kanda, ukiona unga mweupe pembeni ya mkanda usiiingize kwenye deki kabisa, itachafua hedi na kuambukiza zinazofuata, hiyo mpelekee mtu anayesafisha kanda. Tafuta kanda ya mpira au ya sinema isiyo na mwenyewe, rekodi nayo saa nzima bila kugusa kitu. Ikimaliza saa bila kuanguka, weka maulidi, angalia sauti na picha vinakwenda pamoja mpaka mwisho wa faili, ndo uweke ya wazazi.

Ukikwama, niandikie tena na zile picha mbili, ya VID na PID na ya skrini ya kuanguka, pamoja na jibu la lile swali la kuzima: ni kwa maandishi au kwa kukata ghafla, na ni kwenye chaja au kwenye betri.